Boxer 150 kutoka Dar hadi Matema: mzigo wa kilo 28 niupangeje?

Mwananyasa
Wakuu habari zenu. Mwezi wa 7 natoka Dar kwenda Matema, Ziwa Nyasa, kwa Boxer BM150. Napita Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako, Uyole, Tukuyu, Kyela. Siku 3 kwenda, 2 za kupumzika, 3 kurudi. Niko peke yangu, uzito wangu kilo 78. Mzigo: hema la mtu mmoja, begi la kulalia, nguo, jiko dogo la gesi na sufuria, spana, tyubu ya akiba, maji lita 5. Nimepima, jumla kilo 28. Nina keria ya chuma iliyokuja na pikipiki, begi moja la lita 60 na mipira ya kufungia iliyokatwa kwenye tyubu. Nafikiria kulaza begi lote juu ya keria na kulifunga kwa mipira. Inatosha? Na upepo wa tairi niweke kiasi gani?

FundiSpoku
Mkuu, kilo 28 pikipiki inabeba bila shida. Shida ni pale unapotaka kuziweka. Sehemu kubwa ya keria iko nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, na kila kilo inayokaa huko inanyanyua mbele, kama mtoto aliyeketi ncha ya bembea ya ubao. Usukani unakuwa mwepesi, na ukifika 70 au 80, au lori likikupita, unaanza kucheza kushoto na kulia. Kukaza kamba hakuondoi tatizo hilo. Kunakoliondoa ni kusogeza uzito mbele na chini.

Nenda kwa fundi wa maturubai akushonee mabegi mawili ya pembeni, yaunganishwe kwa mikanda miwili mipana inayopita juu ya siti. Vipimo vinavyofaa: urefu sm 40, kimo sm 30, unene sm 15. Hapo unapata lita 18 kila upande. Yasogeze mbele kadiri goti lako litakavyoruhusu. Humo weka vyote vizito: spana, tyubu, jiko, sufuria, chakula cha kopo. Vizito kabisa vikae sakafuni mwa begi, upande wa mbele. Pima kila begi kwa mizani ya kuning'iniza. Tofauti isizidi kilo 1, la sivyo pikipiki itavuta upande mmoja siku nzima na mabega yatakuuma bila kujua sababu.

Hema lilale kukingama siti, nyuma ya mgongo wako. Juu ya keria libaki begi la kulalia na nguo tu, zisizidi kilo 6.

Upande wa kulia kuna bomba la moshi. Mwambie mchomeleaji akuwekee fremu ya nondo nyembamba pande zote mbili, ili begi libaki angalau sm 5 kutoka kwenye bomba na lisiingie kwenye spoku. Ukimaliza kufunga, keti, ruka ruka juu ya siti, na mwenzako achuchumae nyuma aangalie kama begi linagusa kitu. Pikipiki ikiwa imesimama bila mtu, nafasi huonekana kubwa kuliko ilivyo barabarani.

Maji lita 5 ni kilo 5. Beba lita 2. Njia hiyo ina maduka kila baada ya vijiji vichache.

Turubai
Naongezea kwenye kufunga. Mpira wa tyubu ni mzuri kwa kreti la soda mtaani, si kwa zaidi ya kilomita 900. Unavutika kila unapopita tuta, mzigo unasogea kidogo kidogo, na jua likiupata unalegea zaidi. Nunua mikanda isiyovutika, ya upana wa mm 25, yenye kifungo cha chuma cha kubana. Minne inatosha: miwili ikatize mzigo kwa umbo la X, mmoja uzuie mzigo usirudi nyuma, mmoja uuzuie usije mbele. Huo wa mwisho watu huusahau. Wakati wa kurudi utashuka mlima Kitonga, kati ya Iringa na Mikumi, ukifunga breki muda mrefu, na mzigo usiozuiwa mbele utakusukuma mgongoni. Mipira itumie juu kabisa, kushikilia koti la mvua tu.

Mikia ya mikanda ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Mkia wa sm 30 uliolegea ukidakwa na spoku au sproketi (gurudumu la meno linalovutwa na cheni), gurudumu la nyuma linaweza kukwama papo hapo. Kunja kila mkia, uingize chini ya mkanda wenyewe, kisha piga fundo.

Turubai lililoshonwa linavujia kwenye matundu ya sindano, hata liwe zito kiasi gani. Kwa hiyo zuia maji kwa ndani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, lakini dukani kwa vifaa vya ujenzi kuna nailoni nzito inayouzwa kwa mita. Fungia nguo humo, kamua hewa, kunja mdomo mara 3, kisha funga. Julai ni kiangazi, lakini Tukuyu mvua haiishi mwaka mzima.

Mwananyasa
Asanteni sana wakuu. Spana naweza kubeba kwenye begi dogo la mgongoni? Na petroli ya akiba kwenye dumu la lita 5?

FundiSpoku
Spana mgongoni hapana kabisa. Ukianguka chali, unaangukia chuma kwa uti wa mgongo. Mgongoni usiweke kitu kigumu. Mimi ningeacha hata begi lenyewe, maana baada ya saa 3 linakata mabega.

Petroli pia acha. Barabara kuu ya Dar hadi Uyole ina vituo vya mafuta kila mji. Dumu la maji halikutengenezwa kwa petroli: likipigwa na jua mvuke unatanuka, kifuniko kinavuja, na liko karibu na bomba la moto. Jaza tangi likifika nusu.

Cheni428
Upepo: kitabu cha pikipiki kina namba mbili za tairi la nyuma, dereva peke yake na dereva na abiria. Tumia ya abiria. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Kama shokapu za nyuma zina ngazi za kukazia springi, panda ngazi moja au mbili, pande zote sawa. Kisha pima ulegevu wa cheni mzigo ukiwa juu na wewe umekaa, kwa sababu nyuma ikishuka cheni inakaza. Ikikaza mno inakula beringi na sproketi. Taa ya mbele nayo itapanda; ishushe, usiwaumize macho wanaokuja.

Akiba: tyubu moja iliyoandikwa 2.75/3.00-17 inaingia mbele na nyuma. Viraka, solusheni, pampu ya mkono, vyuma 2 vya kutolea tairi, plagi, waya wa klachi, na kiungo cha cheni cha saizi 428. Klipu ya kiungo hicho, upande wake uliofungwa uelekee cheni inakokwenda. Ukigeuza, itachomoka. Vifaa hivi vikae begi la kushoto, juu, ili usifumue mzigo wote kwa ajili ya pancha.

Mpanda Uyole
Simama Kibaha ukaze mikanda yote, maana mzigo hujipanga upya kilomita 30 au 40 za mwanzo. Kaza tena Morogoro, kwa sababu mbele utapita takriban kilomita 50 ndani ya Hifadhi ya Mikumi, na humo husimami kufunga mzigo. Ndizi na mkate visikae mfuko wa nje: nyani wa Kitonga wanavijua.

Sweta na glavu weka juu kabisa, pamoja na koti la mvua. Utavihitaji Mafinga hadi Makambako, asubuhi ya Julai, na mikono ikishaganda huwezi kufungua vifungo vya mikanda.