Naunda kompyuta ya mezani ya matumizi ya kawaida, naombeni mnikagulie listi kabla sijalipia

MgeniWaMezani (mtoa mada)
Habari zenu wakuu. Laptop yangu imeshachoka, nikifungua brauza na tabo kadhaa feni inanguruma mpaka walioko chumba cha pili wanasikia, halafu iligoma kupokea Windows 11 kwa hiyo tangu Windows 10 ikatiwe sapoti mwezi wa 10 mwaka 2025 nimeachwa kwenye mataa. Laptop nyingine sitaki, safari hii nataka niunde ya mezani mwenyewe, video za kuunda nimeangalia za kutosha naona hakuna uchawi pale.

Matumizi yangu ni ya kawaida kabisa: intaneti, Word na Excel, vikao vya video vya kazini, muvi, watoto kufanyia kazi za shule, na kuedit picha mara mojamoja. Gemu mimi sichezi ila dogo lazima atachomekea vigemu vyake vyepesi. Nataka ikae miaka mitano kwenda mbele bila kunisumbua.

Listi niliyopanga ni hii: prosesa Ryzen 5 5600, madabodi B450 iliyotumika, RAM DDR4 GB 8 kijiti kimoja, kadi ya grafiki GT 710 ya GB 2, SSD ya SATA GB 240 ya kuwekea Windows pamoja na hadidiski ya TB 1, na kasha ambalo linakuja na pawa saplai yake ya wati 650 humohumo. Bajeti ni ya kubana, kwa hiyo mkiniambia niongeze hapa mniambie na pa kupunguza. Karibuni.

FundiTaratibu
Mkuu karibu. Tuanze na prosesa maana ndiyo imekuvutia mpaka kwenye GT 710. Ryzen 5 5600 haina grafiki ndani yake, bila kadi skrini inabaki nyeusi, ndo maana ukalazimika kutafuta kadi ya bei poa. Sasa hiyo kadi ni ya kizazi cha Kepler, NVIDIA waliacha kuitolea draiva mpya mwaka 2021 na masahihisho ya usalama yakaisha 2024. Haina uwezo wa kufungua video za VP9 wala HEVC (aina za kubana video), na YouTube sehemu kubwa ndo VP9 na AV1, maana yake prosesa itabeba kazi yote na kadi imekaa tu inakula umeme.

Futa vyote viwili, weka Ryzen 5 5600G. Hiyo G mwishoni ndo habari yenyewe, viini 6 vilevile lakini grafiki ya Vega imo ndani, na kwenye boksi inakuja na feni yake. Ukweli ni kwamba keshi yake (memori ndogo ya ndani ya prosesa) ni nusu ya ile ya 5600, MB 16 badala ya 32, kwa anayecheza gemu na kadi kubwa atalalamika, wewe na Excel yako hutaona chochote.

Halafu RAM. Grafiki ya ndani haina memori yake, inakopa kwenye RAM ya mashine. Ukiweka kijiti kimoja unaiminya njia, weka viwili vya GB 8 vinavyofanana vifanye kazi kwa pamoja, na tofauti hata dogo ataiona kwenye vigemu vyake. GB 8 jumla kwa leo ni kujitesa, Windows na brauza na kikao cha video vinaimaliza hata kabla hujafungua Excel. Ukija kuona Windows inakwambia zimebaki 15 na kitu usishtuke, hiyo iliyopungua imechukuliwa na grafiki.

Pawa saplai kuna mtu humu atakuja kuisema vizuri zaidi yangu, namuachia.

Nyaya_Nyingi
Nimeitwa nimekuja 😂

Mtoa mada, kasha linalokuja na pawa saplai "wati 650" usilinunue kwa ajili ya hiyo pawa saplai. Ile namba kwenye stika kila mtu anaweza kuichapa. Geuza saplai usome stika ya pembeni, kuna jedwali, tafuta safu ya volti 12 uone ampea ngapi, zidisha. Ukikuta volti 12 ampea 25 hiyo ni wati 300, basi hiyo 650 ni ya mapambo. Nyingine hata uzito wake unakwambia, ukiinyanyua unahisi boksi tupu.

Mashine yenye 5600G bila kadi, hata ukiisukuma mpaka mwisho haifiki wati 150, kwa hiyo wewe hukuhitaji 650 tangu mwanzo. Chukua ya wati 450 au 500 ya kampuni inayojulikana, yenye ulinzi wa shoti na wa volti kupanda, na dhamana ya miaka isiyopungua mitatu. Ile alama ya 80 Plus ni nzuri kuwa nayo lakini ielewe, inapima umeme unaopotea kuwa joto, haikwambii kama ikiungua itaondoka peke yake au itaondoka na bodi na SSD. Hapa ndo sehemu pekee kwenye listi yako ambayo kifaa kibovu kinaua na vingine, kwa hiyo ukibana bajeti bana popote ila sio hapa.

MzeeWaSoketi
Vijana mnamrundikia Ryzen tu, Intel hamuioni? Core i3-12100 (ISIYO na F mwishoni, F maana yake grafiki hakuna) ina viini 4 na inafanya kazi zote alizotaja mtoa mada bila jasho, na grafiki yake inafungua AV1 moja kwa moja kitu ambacho Vega ya 5600G haiwezi. Bodi ya H610 ya DDR4 basi. Na soketi yake (pale prosesa inapokaa kwenye bodi) ya LGA1700 inapokea kizazi cha 12, 13 na 14, akija kutaka nguvu anachomoa i3 anaweka i5, maisha yanaendelea. AM4, soketi ya hizo Ryzen zenu, ni ya tangu 2016 jamani.

FundiTaratibu
Mzee shikamoo. Kwenye AV1 nakubali, ila viini 6 vya Ryzen vinaifungua hiyo AV1 kwa programu bila shida, feni itazunguka kidogo tu. Kwenye vigemu vya dogo Vega inaiacha mbali hiyo UHD 730, grafiki ya hiyo i3. Mimi nasema zote mbili sawa, aangalie ipi prosesa na bodi kwa pamoja inamtoka nafuu anakonunua, asiangalie bei ya prosesa peke yake.

MzeeWaSoketi
Marahaba. Hapo umeongea.

Tumia_Kilichopo
Naomba niwe mbaya kidogo. Matumizi yote aliyotaja mtoa mada yanatimizwa na mashine ya ofisi iliyotumika, zile za mezani nyembamba zinazouzwa maofisi yakibadilisha vifaa. Chukua yenye Intel kizazi cha 8 kwenda juu maana Windows 11 inaanzia hapo, ongeza RAM, weka SSD mpya, umemaliza, na hela inabaki nyingi tu. Kuunda ni raha sikatai ila tusidanganyane kwamba ndo njia ya bei rahisi kwa mtu wa Word na intaneti.

Ubaya wake nausema pia: nyingi pawa saplai yake ina plagi za kampuni yenyewe na bodi haina umbo la kawaida, siku ikifa hupati mbadala dukani unatafuta ileile iliyotumika. Na kizazi cha 8 ni cha 2017 na 2018, miaka mitano mbele sijui kama Windows itakuwa bado inaitaka.

MgeniWaMezani
Duh asanteni sana, nimejifunza mengi ndani ya muda mfupi. @Tumia_Kilichopo nakuelewa ila hilo la pawa saplai kukosa mbadala ndo linanitisha, nataka kitu ambacho kila kipande nikiharibikiwa nabadilisha hichohicho.

Maswali yangu sasa. Moja, kuna jamaa kaniambia nisipoteze hela kwenye AM4 niende AM5 kabisa, soketi mpya ya AMD, mnasemaje? Mbili, ile B450 iliyotumika niendelee nayo? Tatu, SSD ya SATA na hizi ndogo za kulaza kwenye bodi tofauti ataiona mtu wa kawaida kama mimi?

DadaWaBayosi
Nijibu kwa mpangilio wangu, naanza na SSD. Hizo za kulaza zinaitwa M.2, ila M.2 ni umbo tu, ndani yake kuna zinazoongea SATA na zinazoongea NVMe na kwa macho zinafanana, soma maandishi. SATA inaishia kama MB 550 kwa sekunde, NVMe ya kizazi cha 3 inafika 3500. Je utaiona? Kwenye kufungua Word, hapana, kwa kweli hutaiona. Lakini siku hizi bei zimekaribiana na M.2 haina nyaya mbili za kuhangaika nazo, kwa hiyo chukua NVMe, saizi 2280 yaani upana milimita 22 na urefu 80 ndo inayoingia bodi nyingi. Usilipie kizazi cha 4 kwa sababu 5600G yenyewe inaishia kizazi cha 3, utakuwa umenunua kasi ambayo haina pa kupita. Na badala ya 240 nenda 500 au TB 1, GB 240 Windows na masasisho yake inaila fasta. Hadidiski usiitupe kwenye mpango, ila iwe ya nje kwa USB uhifadhie nakala za picha na kazi, maana SSD ikifa haiagi.

Bodi. B450 inaendesha 5600G vizuri tu LAKINI bayosi yake (programu ya ndani ya bodi inayowasha mashine) iwe imesasishwa, hizo prosesa zilitoka 2021 na bodi ni ya 2018. Ukinunua iliyotumika yenye bayosi ya zamani unawasha feni zinazunguka skrini haionyeshi kitu, na huwezi kuisasisha bila prosesa ya zamani, labda bodi iwe na kile kitufe cha kusasisha kwa flashi bila prosesa. Mimi ningechukua A520 mpya. Watu wanaidharau, sijui kwa nini, kwa 5600G B550 haikuongezei cha maana. Angalia tu iwe na slotu ya M.2, HDMI, na kama unatumia waifai basi ije nayo au uweke bajeti ya kadi.

AM5 aliyekuambia hajakosea, AMD wameahidi kuisapoti mpaka 2027 na kuendelea, na prosesa yake ya 8500G ni nzuri sana. Ila AM5 inapokea DDR5 peke yake, na RAM tangu mwishoni mwa 2025 zimepaa bei kwa sababu viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye mashine za akili bandia. DDR4 nayo imeguswa lakini zilizotumika zipo na RAM ni kifaa ambacho kununua kilichotumika hakitishi, unakipima kwa programu ya MemTest86 usiku mmoja unajua. Kwa bajeti ya kubana baki AM4.

Nyaya_Nyingi
Hapo kwenye RAM iliyotumika aulize kabisa kama ni ya mezani, kuna watu wanauziwa za laptop wanashangaa mbona fupi 😂 na DDR4 haiingii slotu ya DDR5, kile kipengo cha chini kimekaa sehemu nyingine, ikigoma kuingia usiipigie magoti uisukume.

MgeniWaMezani
Sawa wakuu, listi mpya: 5600G, A520 mpya yenye waifai, DDR4 GB 8 mara mbili, NVMe GB 500, pawa saplai wati 450 yenye jina, kasha tupu la micro-ATX lenye feni mbele. Kadi imeondoka, na ile hela yake imeingia kwenye saplai na RAM. Mna la kuongeza? Na kwenye kuunda kuna sehemu gani mnaona watu wanakwama?

FundiTaratibu
Listi imekaa. Kwenye kuunda nikutajie zile ambazo video zinapita haraka.

Prosesa ya AM4 pini ziko chini yake yenyewe, tafuta pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona ilingane na ya soketi, inyanyue mkono wa chuma, iache prosesa idondoke kwa uzito wake. Ukijikuta unaikandamiza, simama. Feni ya boksini inafungwa kwa skrubu nne, kwa hiyo zile plastiki mbili nyeusi za pembeni ya soketi inabidi uzitoe, na ukizitoa kile kibati cha nyuma ya bodi kinaanguka, kishike kwa mkono mmoja. Kaza skrubu kwa mkato, hii kidogo halafu ya kona ya pili. Pesti ya joto ishapakwa tayari chini ya feni, usiiguse kwa kidole.

RAM kwenye bodi yenye slotu nne inaingia ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kama bodi ina mbili tu huna cha kufikiria. Ukiwasha ingia bayosi uwashe XMP, bila hivyo RAM ya 3200 inaweza kutembea 2400 au 2666 maisha yake yote na usijue. Hapohapo hakikisha fTPM (ulinzi wa usalama wa ndani ya prosesa) imewashwa, Windows 11 inaitaka.

Waya wa prosesa ni ule wa 4+4 unaochomekwa juu kushoto kwa bodi, sio ule wa 6+2 wa kadi, wanafanana sana. Ni vizuri uuchomeke kabla hujafunga bodi kwenye kasha maana kona ile mkono hauingii.

MzeeWaSoketi
Na kabla ya kufunga chochote kwenye kasha, weka bodi juu ya boksi lake la karatasi, prosesa na feni yake, RAM, saplai, HDMI, iwashe hapo. Ikionyesha bayosi ndo uanze kufunga skrubu.

MgeniWaMezani
Wazee nimeelewa. Skrini ninayo ya zamani ya VGA tu, bodi hii ina HDMI na DisplayPort, nikinunua kile kiungio cha kubadilisha itakubali?

DadaWaBayosi
Itakubali, ila chukua kile chenye chipu ndani cha kutoka HDMI kwenda VGA, ule waya mtupu wa bei ya kutupa haufanyi kazi. Nyingi zinaishia 1080p kwenye 60Hz, kwa skrini ya zamani inakutosha. Ukipata hela baadaye tafuta skrini ya IPS ya inchi 24, macho yako ndo yanakaa hapo siku nzima.