Ameniacha, edda imeisha, na bado anavunja mlango. Nifanyeje?

MamaMahamri
Asalaam aleikum. Niko Kisauni. Talaka nilipewa mwezi wa Shaaban, kwa kadhi imeandikishwa, edda nimemaliza. Nimepanga chumba changu, kodi nalipa kwa mahamri na mbaazi. Bwana huyu bado aja. Juzi usiku alisukuma mlango mpaka komeo likang'oka, akamwaga unga niliokwisha kuukanda, akaondoka na simu yangu. Hakunipiga. Basi kituoni nikaambiwa: "Jeraha huna, hayo ni ya nyumbani, malizaneni." Hata namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, niliing'ang'ania. Sasa ningoje anivunje mkono ndipo nipate P3, ile fomu ya polisi ya majeraha?

Msaidizi_wa_Sheria
Usingoje. Sheria ya Kenya ya kukinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, ya mwaka 2015, haimhusu mume aliye ndani ya ndoa peke yake. Mliyeachana naye yumo, mchumba yumo, mliyezaa naye yumo. Na ukatili si ngumi tu: kuingia kwako kwa nguvu ilhali hamkai pamoja kumetajwa, kuharibu mali, kukuandama, kukutisha. Hata mashemeji wanaoingilia nyumba ya watu wametajwa.

Kadhi kazi yake ya talaka ameimaliza. Hili lipeleke kwa hakimu, uombe amri ya ulinzi, na useme wazi kwamba wataka ya muda kwanza. Hiyo hakimu aweza kuitoa kabla mwenzako hajaitwa, akiona kukawia kutakudhuru. Wakili huna? FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Mombasa.

Mzee wa Baraza
Binti yangu, itisha wazee wa pande zote mbili kwanza. Mahakama huacha uhasama, na mna watoto.

MamaMahamri
Shikamoo baba. Wazee wamekaa mara tatu, mara ya mwisho kwa mjomba wake mwenyewe. Alikula pilau, akaomba radhi, akalia. Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatano akarudi.

Dada wa Shanzu
Mie ninayo hiyo amri. Nakwambia kitu kimoja: hakimu aliniuliza tarehe, machozi hakuyauliza. Kaa uandike usiku gani, saa ngapi, jirani gani alisikia. Komeo usilitupe. Mlango upige picha kabla fundi hajaja. Namba ya OB uliyoing'ang'ania, hapo ulifanya la maana sana.

Amri ikitoka, usitegemee itafika kituoni yenyewe. Mie nilitoa kopi nne: kituo, mwenye nyumba, shule ya mtoto, na moja nikatembea nayo ndani ya sidiria (chekeni tu). Alipokuja tena nilimpa askari aisome, na neno "malizaneni" sikulisikia tena. Kuivunja ni kosa: faini hadi shilingi 100,000, au kifungo hadi miezi 12, au vyote viwili.

Ila wiki zile za kwanza nililala kwa shangazi. Karatasi haizuii mlango. Akija usiku, toka kwanza, kisha piga 1195, simu ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia.

MamaMahamri
Komeo nimeliokota, liko ndani ya mfuko wa unga pamoja na misumari yake. Mahakamani wanafungua saa ngapi?

Dada wa Shanzu
Saa mbili. Wahi foleni, na ubebe chai.