Hell's Gate, Kereita au juu ya Ngong: sisi sita twende wapi, njia hatuijui hata mmoja?

Pedali_Rongai
Wadau salamu. Tuko marafiki sita, wengi wa Rongai na Kiserian. Msitu wa Karura hapo Nairobi tumeuzunguka mpaka namba za makutano tunazijua kwa kichwa, na murram za huku kwetu zimeisha utamu. Tunataka Jumamosi moja tuendeshe mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu amewahi kufika na baiskeli, na turudi siku hiyohiyo. Tumebaki na sehemu tatu: Hell's Gate kule Naivasha, msitu wa Kereita, au kupita juu ya vilima vya Ngong mpaka Kona Baridi.

Wawili kati yetu ni moto, watatu ni wa kawaida, na mmoja amerithi baiskeli ya binamu yake juzi tu. Ina breki za waya, na mwenyewe hajawahi kushuka penye mawe. Mimi moyo uko Ngong, maana vilima tunaviona kila tukifungua dirisha na gari la kukodi halihitajiki. Mnasemaje?

FundiSpoki
Mkuu, anayechagua hapo ni huyo wa breki za waya. Nyinyi watano mnamfuata.

Kwa hiyo Hell's Gate. Ni kati ya mbuga chache za KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) ambazo unaruhusiwa kuingia na baiskeli bila gari la kukusindikiza. Kutoka lango la Elsa hadi kituo cha askari karibu na korongo ni kama kilomita 8, barabara pana, inateremka polepole, miamba imesimama pande zote mbili, na njiani mnapishana na punda milia, twiga, kongoni na ngiri. Aliyechoka anageuza, hawezi kupotea hata akitaka. Ila mwambieni mapema kwamba kurudi langoni ni kupanda, na jua la saa nane pale halina huruma wala mti wa kujificha.

Walio moto wachukue ule mzunguko wa Nyati. Unapanda kwelikweli, na vumbi la majivu ya volkano linameza tairi ya mbele ukizubaa. Jina halikutolewa kwa mapambo, nyati wapo. Ukiwaona, simama mbali, subiri wavuke, usijaribu kupenya katikati ya kundi.

Korongo la Ol Njorowa ni la kushuka kwa miguu, baiskeli mnaacha juu. Mawingu yakiwa mazito upande wowote, msishuke, hata kama hapo mliposimama ni jua kali. Mafuriko huanzia mbali juu na kuwafikia watu ndani ya kuta bila dalili. Septemba 2019 watu saba walisombwa humo wakafa.

DadaMteremko
Fundi nakuheshimu, lakini watu wameomba njia wasizozijua, wewe unawapeleka kwenye barabara ya magari ya watalii! Hell's Gate ni matembezi ya baiskeli. Mandhari sina ubishi nayo, ila ukishamaliza ile barabara kuu, mtu anayependa vijia vyembamba anabaki anatafuta afanye nini.

Kereita ndiyo msitu wenyewe. Mnaacha barabara ya Nakuru pale Kimende, mnaingia pembe ya kusini ya Aberdare, na muda si muda mko kwenye mianzi. Kuna barabara pana za msitu kwa huyo mgeni, na kuna vijia vyenye mizizi na kona za ghafla kwa hao wawili wanaojiita moto. Mko juu ya mita 2,000, kwa hiyo msishangae pumzi zikikata kwenye mlima ambao kwa macho unaonekana mdogo.

Jambo moja halina mjadala: chukueni mtu wa pale awaongoze. Tembo wapo, si hadithi. Mwenyeji akiona kinyesi kibichi na mianzi iliyovunjwa anajua kama ni cha asubuhi hii au cha jana, na anabadilisha njia kabla nyinyi hamjaelewa kwa nini mmesimama. Ramani ya simu haikuambii hayo.

Pedali_Rongai
Dada, hapo kwa tembo umenitisha kidogo 😅. Sasa Ngong mbona hakuna anayeitetea? Nimeangalia Strava, ile app ya kurekodi safari za baiskeli na mbio, ule mstari wa juu ya vilima unang'aa mwanzo mpaka mwisho. Watu wanapita kila wiki.

Upepo_wa_Ngong
Wanapita, ndiyo. Kwa miguu!

Hilo ndilo tatizo la kusoma ramani ya joto, ile inayong'aa palipopita watu wengi, kwa sehemu usiyoijua. Mwanga unaonyesha kwamba watu wamepita, hauonyeshi walipita na nini. Juu ya Ngong wengi ni wapanda milima na wakimbiaji. Mahali pao pa kukimbia panaweza kuwa pako pa kubeba baiskeli begani. Chuja ubaki na rekodi za baiskeli tu, kisha fungua moja moja uangalie kasi: ukiona mtu ametambaa kilomita 3 kwa saa kwenye kipande kifupi, jua alikuwa anasukuma. Picha ambazo watu huweka kwenye rekodi zao nazo husema mengi, hasa kuhusu tope.

Kuhusu njia yenyewe: upande wa mitambo ya upepo kuna barabara ya udongo, pale kila mtu anajisikia bingwa. Ukishaipita, ni kilima juu ya kilima, na kilele kinafika mita 2,460. Unashuka nyasi zenye mitaro iliyochimbwa na maji, halafu unapanda tena hapohapo bila kupata mwendo. Upepo wa ubavuni unaweza kukusogeza nje ya kijia. Mtu wa breki za waya kwenye ile miteremko, vidole vitakufa ganzi kabla hajafika katikati. Na katikati hakuna pa kutokea kirahisi: ama unarudi ulikotoka, ama unamaliza.

Halafu usalama. Lipieni langoni kwa KFS (shirika la misitu la Kenya) na mwombe askari wa kuwasindikiza mkitaka kuvuka mpaka Kona Baridi. Hapo nako kuna kasoro, askari anatembea na nyinyi mna magurudumu, kwa hiyo mwendo ni wake. Mimi napapenda sana, ni nyumbani. Ila njooni watatu wenye miguu, si sita wa kuokoteza.

MtotoWaSoni
Habari zenu wakuu, mtani wenu wa ng'ambo ya mpaka naomba kuchangia. Mnabishana kuhusu siku moja, mkipata siku nne njooni Lushoto, huku Tanzania. Kutoka Mombo kule chini mpaka Lushoto mjini ni lami, kama kilomita 33 za kona tupu, hizo pandeni kwa gari. Kuanzia hapo mnaingia msitu wa Magamba (kibali mnapata kwa TFS, wakala wa misitu wa huku), mnafuata barabara ya vumbi kupitia Lukozi mpaka Mtae, na kule mwisho ardhi inakatika: chini yenu ni nyika ya Mkomazi yote. Angalizo ni malori ya kabichi na viazi, yakishuka hayana habari na mtu.

Sisi huku ramani ni watu. Vijia vya kati ya mashamba havimo kwenye simu ya mtu yeyote, na vingine vinaishia jikoni kwa mama wa watu. Ukifika kijijini shuka, salimia wazee, uliza. Usiulize "njia hii inaenda Mtae?" maana kwa heshima utajibiwa ndiyo. Uliza "mtu akitaka kwenda Mtae anapita wapi?" halafu nyamaza aonyeshe mwenyewe.

DadaMteremko
@MtotoWaSoni hilo la kuuliza limenikuna, na kwa Kereita ni vilevile. Lushoto naihifadhi kwa Desemba.

FundiSpoki
Desemba bado kuna mvua za vuli, dada. Ule udongo mwekundu ukilowa unajaza nafasi yote kati ya tairi na fremu, gurudumu linagoma kuzunguka. Januari au Februari ni salama zaidi, au mwezi wa saba ukiweza kuvumilia baridi.

@Pedali_Rongai, kwa vifaa: Naivasha adui ni miiba ya migunga. Wenye tairi zisizo na tyubu waongeze maji ya kuziba kabla ya safari. Wenye tyubu wabebe mbili kila mtu, si mbili za kundi zima, kwa sababu ukubwa wa magurudumu yenu najua haufanani. Kipande cha cheni cha kuunganishia, pampu ya mkono, na kile kichuma kinachoshikilia gia ya nyuma, kama kinapatikana cha baiskeli yako. Hicho kikipinda msituni umebaki na gia moja. Mkiamua kukodi baiskeli pale njia panda ya kuingia Elsa, bana breki zote mbili na zungusha pedali kabla ya kutoa pesa. Zipo nzuri, na zipo za kukutia aibu mbele ya ngiri. Malipo ya mbuga ni kwa eCitizen, ule mfumo wa serikali wa mtandaoni, hawapokei pesa taslimu, kwa hiyo mmalize hilo kabla ya kufika.

Upepo_wa_Ngong
Niongeze la kundi, maana sita ni wengi kwenye njia ngeni. Kila penye njia panda, wa mbele anasimama mpaka amwone wa nyuma yake, ndipo anaondoka. Mfunga mkia awe mmoja wa hao moto, si yule dhaifu. Watu hufanya kinyume: wenye nguvu wote mbele wanashindana, mgeni nyuma peke yake na pancha na simu isiyo na mtandao.

Pedali_Rongai
Nimeelewa. Hell's Gate Jumamosi ya kwanza baada ya mwisho wa mwezi, wawili wetu wachukue mzunguko wa Nyati wakati wengine wanakwenda polepole mpaka korongoni. Kereita tutaenda watano tukishazoeana, na mwenyeji. Ngong nitamtafuta Upepo faraghani. Fundi, hizo breki za waya tubadilishe mfumo mzima?

FundiSpoki
Hapana. Waya mpya, ganda lake jipya, na vipande vya kubana vipya. Mwambie azizoeze kwenye murram siku kadhaa kwanza, vipya huteleza mwanzoni.

DadaMteremko
Tarehe ikithibitika iandikeni hapa. Matembezi ya baiskeli nayo nitakuja 😄, nina nafasi ya baiskeli mbili nyuma ya gari, napitia Mai Mahiu.