Mnamjua. Kanitukania mbwa mbele za watu, na mshikaki mkononi!

Bint Chumbageni:
Wakuu, niko ndani ya gari, sijawasha hata injini, mikono inatetemeka. Nikikosea herufi mtanisamehe, na msiponisamehe sawa tu, leo sina habari na mtu.

Simtaji. Sina haja. Mlioko Texas mnamjua, wa Minnesota mnamjua, na ninyi wa Dar mnamjua kwa sababu ndiye aliyewauzia viwanja Kigamboni, kiwanja kimoja wenyewe saba. Baada ya viwanja akaja na bima. Baada ya bima akaja na mafuta ya mlonge yanayotibu kuanzia upara hadi talaka. Sasa hivi ni mtaalamu wa lishe ya mbwa. Huyo huyo. Mwenye kofia.

Leo kwenye nyama choma yetu hapa Houston, mbele ya kadamnasi, mbele ya mama mchungaji, mbele ya watoto, huyu mtu kaniangalia kuanzia viatu hadi kilemba akasema: "Dada, mbwa aliyezoea ukoko wa ugali, ukimpa chakula cha kistaarabu moyo lazima ushtuke."

Akacheka. Na mshikaki mkononi!

Mshikaki wenyewe nyama nimenunua mimi.

Ngoja niwape kisa. Mbwa wangu ni Golden Retriever, anaitwa Diwani, kwa sababu analala mchana kutwa na akisikia sahani anatokea. Mwaka jana huyu bwana akaanza kutuma sauti kwenye kundi letu la WhatsApp, ndefu kuliko mahubiri ya Ijumaa Kuu, kwamba mbwa ni mbwa mwitu, mbwa mwitu hali mahindi, mnawaua wanyama wenu kwa nafaka. Gereji yake imejaa mifuko: nyama ya kangaruu, nyama ya nyati wa Marekani, picha ya mbwa mwitu kasimama juu ya mlima anaangalia maisha. BILA NAFAKA. Bei ya mfuko mmoja unamlipia mtoto ada Tanga na sare juu. Nikanunua. Nikaendelea kununua.

Diwani akaanza kukohoa usiku. Akipanda ngazi anakaa katikati apumzike. Wiki iliyopita kaanguka jikoni, puu, kazimia. Daktari wa moyo (ndiyo, huku mbwa ana daktari wa moyo, mimi sina) akampiga ultrasaundi. DCM. Vyumba vya moyo vimetanuka, kuta zimekuwa nyembamba, damu inasukumwa kwa shida. Akauliza: anakula nini? Nikamwonesha picha ya mfuko. Akasoma nyuma: njegere, dengu, unga wa njegere, makapi ya njegere, viazi. Kangaruu ni wa kwenye picha tu. Daktari akashusha miwani. Wenye wagonjwa mnajua daktari akishusha miwani maana yake nini.

Leo nimemfuata yule bwana kistaarabu, wala sikudai hela. Nimemwambia tu, kaka, waambie na wateja wako wengine wakapime mbwa wao. Basi. Ndipo likaja la ukoko. Na mshikaki mkononi! Watu wakacheka! Hadi mama mchungaji nimemwona mabega yakicheza!

Ukoko! Diwani hajawahi kuuona ukoko. Ukoko nakula mimi.

Nishaurini haraka kabla sijarudi ndani.

Siti ya Mbele:
Nimewahi leo. Nani ana karanga?

Kisu Butu:
Kwanza pole kwa mgonjwa. Pili, ni diwani wa kata gani?

Mzee wa Mbalizi:
"Wala sikudai hela." Hapo ndipo ulipoharibu, binti yangu. Yule ukimwendea bila kudai hela anaona umekuja kumsalimia. Mimi kaniuzia kiwanja ambacho maji yakijaa hakionekani. Nikienda kukiangalia naanza kuuliza wavuvi leo bamvua au la. Wewe una mbwa mgonjwa, mimi nina pweza wanaishi kwenye msingi wa nyumba yangu.

Bint Chumbageni:
Shikamoo mzee, pole sana, lakini tusitoke kwenye mada. Mada ni UKOKO. Mada ni MSHIKAKI.

Daktari wa Ng'ombe:
Mimi ni daktari wa mifugo, nimesoma SUA, nijaribu kuweka mambo sawa. Mleta mada hajachanganyikiwa. Julai 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza kwamba inachunguza taarifa za mbwa waliopata DCM wakiwa wanakula vyakula vyenye njegere, dengu, mikunde mingine na viazi kwa wingi, na vingi vimeandikwa "bila nafaka" kwa herufi kubwa. Juni 2019 wakataja hadi chapa 16 zilizokuwa zikitajwa sana. Wakati huo walikuwa na taarifa 515 za mbwa, na Golden Retriever ndio walioongoza, 95.

Ila tusimnyonge mtu bado. Kufikia Novemba 2022 taarifa zilikuwa 1,382, na Desemba wakasema hawatatoa tena taarifa mpya kwa umma mpaka ipatikane sayansi mpya ya maana, kwa sababu wingi wa taarifa peke yake hauthibitishi kwamba chakula ndicho chanzo. Wapo wanaosema tatizo ni upungufu wa taurini, kirutubisho ambacho moyo unakihitaji, wapo wanaoshuku njegere zenyewe. Na kuna mbwa wanaorithi ugonjwa huu: Doberman moyo unatanuka hata umlishe kwa kijiko cha fedha.

Kisu Butu:
Daktari umetema madini, lakini swali langu la kata halijajibiwa.

Chupa ya Chai:
Hii ni chai. Mbwa ana daktari wa moyo? Babu yangu presha yake anapimwa na muuza duka.

Shombo la Pweza:
Samahanini, nilikuwepo. Dada hakumfuata kistaarabu. Alimwita "muuaji" kwa sauti ya kusikika barabara ya pili, mkononi ana sahani ya kachumbari, na kachumbari ilimfikia mlengwa. Kofia imevuliwa kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Kumbe yale mafuta ya upara yeye hatumii.

Bint Chumbageni:
Kachumbari iliteleza. Na wewe Shombo nimeshakutambua, ndiye uliyecheka hadi ukakohoa. Nilikuazima sufuria Krismasi, naletewa lini?

Siti ya Mbele:
😂😂😂 Sogeeni huko, kuna wengine hatuoni.

Mpita Njia wa Wete:
Mbwa. Ndani ya nyumba. Jikoni. Halafu mtu anashangaa.

Bint Chumbageni:
Ndugu yangu, jina lako linasema unapita. Pita.

Nunu wa Mvita:
Mie nina paka wanne na nina neno. Mambo ya moyo yalianza kwa paka, mwajifanya hamuoni. 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis waligundua paka moyo watanuka akikosa taurini, viwanda vikaongeza taurini kwenye chakula, mambo yakatulia. Paka hawezi kujitengenezea ya kutosha, mbwa kwa kawaida anajitengenezea. Lakini nani alifungua uzi wa paka? Mbwa akikohoa mara moja dunia isimame. Paka wangu kalazwa na figo mwezi mzima, hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza hali yake, na wengine mko humu humu.

Gari Bovu:
Pole Nunu. Sikujua kama ni figo, nilidhani amekuhama.

Fundi Saa:
Mimi linaloniuma ni kwamba jamaa kakosea hata kutukana. 2013 watafiti waliandika kwenye jarida la Nature kwamba mbwa wa kufugwa ana nakala nyingi za jeni ya AMY2B kuliko mbwa mwitu. Hiyo ndiyo inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga. Kwa hiyo mbwa kakaa na binadamu hadi mwili wake ukajirekebisha kula makombo yetu. Ukoko ni haki yake ya ukoo. Atakayeshtuka ni mbwa mwitu wa kwenye mfuko.

Bint Chumbageni:
ASANTE. Hii naichapisha kwenye karatasi kubwa nikaibandike kwenye kioo cha gari lake. Amelipaki jirani yangu hapa. Namwona kwa dirishani, bado anaongea, bado anakula! Wa tatu huo!

Daktari wa Ng'ombe:
Naongeza kabla watu hawajaanza kuwapa mbwa ukoko mtupu kwa kumsingizia Fundi Saa: ugali peke yake haumtoshi mbwa, anahitaji protini. Na dada, umesahau kutuambia, Diwani kapewa nini?

Bint Chumbageni:
Kabadilishiwa chakula, cha sasa kina wali na shayiri. Kapewa pimobendani ya kusaidia moyo kusukuma, na taurini. Daktari kasema wapo mbwa waliobadilishiwa chakula na moyo ukarudi vizuri, wengine ulibaki hivyo hivyo, tutapima tena. Lakini si hilo lililonileta humu. Mtu mzima, na kofia yake, anasema mbwa WANGU...

Mlinzi wa Zamu:
Kwa kuwa tunazungumzia lishe ya mbwa, niruhusuni. Nalinda nyumba Masaki. Mbwa wa bosi asubuhi kuku wa kuchemsha na karoti, jioni nyama ya kusaga na wali. Mimi chai ya rangi na mkate wa jana. Juzi mbwa kasaza, asubuhi bosi anatoka na bakuli anauliza nani kagusa. Kaniweka mimi na mbwa tusimame pamoja. Mbwa akaniangalia mimi.

Kisu Butu:
Swali ni moja tu. Ulikula?

Mlinzi wa Zamu:
Kuku alikuwa wa kienyeji.

Chupa ya Chai:
Huyu simwiti chai. Huyu nimemwamini.

Mzee wa Mbalizi:
Kijana wewe njoo ulinde kiwanja changu. Pweza ruksa.

Gari Bovu:
Hapa Dallas mwenye nyumba ananitoza kodi ya mbwa kila mwezi. Mbwa alishakufa. Nimepeleka barua ya daktari, nimepeleka picha ya kaburi, ananiambia mkataba unasema "mbwa", hausemi "mbwa aliye hai". Sasa nawaza nifuge mwingine ili nisile hasara.

Nunu wa Mvita:
Fuga paka.

Nafaka Bora (mwanachama mpya):
Habari wapendwa! Kwa mlio Houston na vitongoji vyake, kimeingia chakula cha mbwa CHENYE NAFAKA, kimethibitishwa, kinalinda moyo, figo na macho. Gereji ni ile ile. Bei ya ofa kwa watakaowahi. Mafuta ya mlonge bure.

Bint Chumbageni:
MNAONA??? MNAONA??? Yuko kwenye kiti anabonyeza simu, namwona! Modi mfungieni! Natoka kwenye gari!

Siti ya Mbele:
Jamani aliyeko huko arushe mubashara.

Mhasibu Mstaafu:
Kabla hujatoka, dada. Umesema juu kabisa nyama ya mishikaki umenunua wewe. Mimi mchango wangu nilitoa kwa ajili ya mbuzi wawili, na kundini kila mtu aliandika kiasi chake. Nimefika saa nane nimekuta mbuzi mmoja na mabawa ya kuku. Kama nyama ilinunuliwa na mtu binafsi, michango yetu ilikwenda wapi?

Shombo la Pweza:
Hapo sasa.

Gari Bovu:
Mimi nimetuma kutoka Dallas na sikuja. Mfupa wangu uko wapi?

Bint Chumbageni:
Nilinunua ya mishikaki, sikununua mbuzi! Mbuzi muulizeni mweka hazina! Watu wangu, huyu mtu kamwita mbwa wangu...

Mhasibu Mstaafu:
Mweka hazina ni nani mwaka huu?

Shombo la Pweza:
Mwaka huu hatukuchagua. Alijitolea.

Mhasibu Mstaafu:
Nani alijitolea?

Fundi Saa:
Mwenye kofia.

Mzee wa Mbalizi:
Basi huyo mbuzi wa pili kauzwa, na ana wenyewe saba.

Mhasibu Mstaafu:
Nafungua uzi mpya wa mbuzi. Wenye risiti za kutuma mchango njooni nazo kule, na msije na habari za paka.

Nunu wa Mvita:
Nimekusikia.