STAMENI SIO STAMINA!! Kijitabu cha mipapai kimemtia mamangu hasara

Jamani wana Malindi, leo sina salamu ndefu, nimekasirika kwelikweli.

Kuna mradi mmoja, jina sitaji, ulipita huku Ganda ukagawa kijitabu cha kilimo cha papai kilichotafsiriwa Kiswahili, kina picha za rangi na karatasi ngumu. Mamangu akakiweka kabatini pamoja na vyeti vyetu. Alikuwa na miche 60, miezi mitano anaibebea maji kwa ndoo, ikaanza kutoa maua, akafungua ule ukurasa wa kuchagua dume na jike. Umeandikwa: "Ng'oa miti yenye stamina pekee, bakisha yenye bastola."

Sasa wewe mkulima hapo utaelewa nini? Stamina kila mtu anaijua, ni nguvu, mchezaji asiyechoka uwanjani tunasema ana stamina. Mama akaona basi ni ile iliyonenepa shina tu, na hiyo bastola jirani akamwambia itakuwa maua marefu yanayochomoza kwa mbele. Wakashika majembe. Wameng'oa mipapai 24 minene, mizima, maua yake yamekaa karibu na shina, wakaacha ile yenye vishada virefu vinavyoning'inia. Anayejua mpapai ashaelewa. Wameng'oa majike wakabakisha madume!!

Nikatafuta kile cha Kiingereza kilichotafsiriwa. Pale hapakuwa na stamina wala bastola. Kulikuwa na stamen na pistil, sio pistol ya Kiingereza ambayo ndiyo bastola. Stamen kwa Kiswahili cha biolojia ni STAMENI, sehemu ya kiume ya ua, ile inayotoa chavua, yaani ule unga wa ua. Pistil ni PISTILI, sehemu ya kike, ndiyo inayokuja kuwa tunda. Yani mtu kaona neno limefanana na lingine analolijua akabandika, hata picha ya ua iliyo hapo juu hakuiangalia, bastola inatafuta nini kwenye mpapai jamani?

Na kinachoniuma zaidi, maneno yenyewe yangeelezwa mamangu angeyashika siku hiyohiyo. Pistili asili yake ni Kilatini, maana yake mchi, mchi huuhuu wa kinu, kwa sababu ya umbo lake. Nani huku hajui mchi? Na stameni kwa Kilatini ni uzi wa mtande, ule wa mfumaji, kwa sababu ziko nyembamba kama nyuzi. Stamina ilikuwa wingi wa neno hilohilo, ila Kiingereza kikalipeleka kwenye nguvu na pumzi, kwa vile watu wa kale waliona uhai wa mtu ni uzi unaosokotwa. Kwa hiyo ni ndugu, sikatai, lakini ukimwambia mkulima ang'oe yenye stamina umemwambia ang'oe yenye afya.

Ukurasa unaofuata ndo balaa, eti "chavua itue juu ya unyanyapaa". Ni STIGMA, ncha ya juu ya pistili inayopokea chavua, ila kwa Kiingereza neno hilohilo lina maana pia ya unyanyapaa. Na petali, yale majani laini ya ua, jina lake wameliweka kwenye kikonyo cha jani, kile kibomba kirefu watoto wanachopulizia mapovu.

Mwenye mipapai ambayo haijaguswa aangalie hivi. Dume maua yake madogo, mengi, yako kwenye vishada virefu, pasua moja utakuta stameni kumi, hamna tumbo la tunda. Jike ua lake kubwa, limebana karibu na shina, moja au machache, ukilifungua unakuta kipapai kidogo ndani na juu yake stigma yenye matawi matano. Kuna na yenye vyote viwili, hiyo inazaa, tunda lake linakuwa refurefu, usiing'oe. Madume usiyamalize, acha moja kwa majike kama kumi hivi, chavua itoke wapi?

Nimewapigia wale wa mradi mara tatu, naambiwa mhusika yuko semina. Mimi nataka watoe karatasi ya masahihisho na wamrudishie mama miche 24, sio pole. Nasikia kijitabu kimefika Msabaha na Kakuyuni pia. Kama unacho nyumbani fungua ukurasa wa 14 sasa hivi, stamina futa andika stameni, bastola andika pistili, na kama mzazi wako hasomi hapa mpigie simu leo kabla hajaenda shamba kesho asubuhi.