Kitanzi cha shaba, kondomu, shanga au kunyonyesha: asiyetaka homoni achague ipi?

Nahodha_Afya

Wadau, tuliweke swali hili mahali pamoja maana linarudi kila mara. Dada kaacha sindano kwa sababu hedhi haieleweki, vijiti havitaki, vidonge vinamtia kichefuchefu au presha yake hairuhusu. Anauliza: njia isiyo na homoni ni ipi, na ipi inazuia mimba kweli?

Naanza na hesabu. Chukua wanawake 100 wanaotegemea njia moja kwa mwaka mzima, kusahau na kuteleza kukiwamo. Kwa kumwaga nje, kama 20 watashika mimba. Kondomu ya kiume, 13. Shanga za kuhesabia siku, 12. Kitanzi cha shaba, hafiki hata mmoja. Bila kinga yoyote wangekuwa kama 85. Kunyonyesha kuna hesabu yake, maana mwisho wake ni miezi 6 tangu kujifungua: ndani ya muda huo ni kama 2 kati ya 100. Kufunga uzazi, wa mama au wa baba, nako hakuna homoni, ila ni kwa waliomaliza kuzaa moja kwa moja, kwa hiyo sikukuweka kwenye orodha.

Kondomu ikivaliwa sawasawa kila tendo, zile 13 zinashuka hadi 2. Mpira wenyewe hauna ubaya. Mimba inapita siku ile ambayo haukuvaliwa, na hapo ndipo kitanzi kinapoziacha mbali njia nyingine: ukishawekewa, hakuna cha kukumbuka usiku.

Mkunga_wa_Kata

Mkuu, umeanza vizuri. Niongeze kitu chenyewe kilivyo, maana wengi wanakiogopa bila kukiona.

Kitanzi kinachotumika zaidi kwetu ni T 380A. Hiyo 380 ni milimita za mraba za shaba iliyo wazi. Ni plastiki laini yenye umbo la herufi T, urefu milimita 36, mikono yake milimita 32 kutoka ncha hadi ncha. Kinalala ndani ya kisanduku cha kiberiti na nafasi inabaki. Mguu umezungushiwa waya mwembamba wa shaba, kila mkono umevishwa kipete cha shaba, na chini kuna kifundo kidogo kama punje ya mtama kilichofungwa nyuzi mbili nyeupe. Plastiki imechanganywa na chumvi ya bariamu ili ionekane kwenye eksirei kikipotea.

Shaba huachia chembechembe zake kidogo kidogo ndani ya mfuko wa uzazi, nazo hulemaza mbegu za kiume kabla hazijalifikia yai. Mayai yanaendelea kukomaa kama kawaida, ndiyo maana hedhi inakuja kila mwezi. Hakitoi mimba iliyokwisha kujishikiza, wala hakisafiri kwenda moyoni. Kikitolewa, uwezo wa kushika mimba unarudi hapo hapo, tofauti na sindano ya miezi mitatu ambayo mtu anaweza kungoja miezi kadhaa.

Ukikuta shaba imefifia au imeingia weusi ndani ya pakiti, si ubovu. Kama pakiti haijatoboka na tarehe haijapita, kinatumika.

BiMwana_Pwani

Naomba tusizidharau shanga, kwa mwenye mzunguko ulionyooka zina nafasi yake. Watu wanakosea kwa sababu wanafundishwa nusu. Ziko 32. Nyekundu ni siku ya kwanza ya hedhi, halafu kahawia 6, nyeupe 12, kahawia 13. Kipete kinasogezwa punje moja kila siku. Kikiwa kwenye nyeupe, yaani siku ya 8 hadi ya 19, hakuna tendo bila kondomu.

Sharti ni mzunguko usiopungua siku 26 wala kuzidi 32. Kati ya zile kahawia za mwisho kuna moja iliyokolea rangi: hedhi ikifika kabla ya hiyo, mzunguko ni mfupi mno. Ukimaliza punje zote na kesho yake hedhi haijaja, ni mrefu mno. Ikitokea mara mbili ndani ya mwaka, shanga ziwekwe kando na utafute njia nyingine. Na mama anayenyonyesha asizianze mpaka hedhi irudi na kutulia. Wengi wanaanza mapema na ndipo wanapoumia.

Mkunga_wa_Kata

Asante Bi Mwana. Na kunyonyesha kuna masharti matatu ambayo lazima yote yawepo kwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, hedhi haijarudi, na mtoto ananyonya maziwa ya mama tu, usiku na mchana, bila uji wala maji. Moja likivunjika, kinga imekwisha siku hiyo hiyo. Ndiyo maana mama wengi tunawashauri kitanzi mapema, bila kungoja mwezi wa 6.

Koili_254

Huku Kenya tunaiita koili. Swali langu kwa walio kliniki: damu. Kila anayetoa koili hapa anataja damu na maumivu ya hedhi. Hilo linazungumzwaje kabla mtu hajawekewa?

Sista_Zamu_ya_Usiku

Hapo ndipo penyewe dada, na ndipo tunapopoteza watu kwa kutosema ukweli mapema.

Kitanzi cha shaba huongeza damu. Miezi 3 hadi 6 ya mwanzo hedhi inakuwa nzito zaidi, inakaa siku nyingi zaidi, tumbo linakata zaidi, na matone yanaweza kuonekana katikati ya mwezi. Kwa wengi inapungua baadaye, lakini usimwambie mtu kwamba itarudi kama zamani kabisa. Mwenye hedhi ya siku 3 nyepesi atavumilia. Mwenye hedhi ya siku 7 inayolowesha, na macho tayari meupe kwa upungufu wa damu, huyo mpime damu kwanza na mueleze wazi.

Dawa zipo. Ibuprofeni miligramu 400 mara mbili kwa siku baada ya chakula, siku 5, kuanzia damu inapoanza. Isipotosha, mhudumu anaweza kumwandikia asidi ya traneksamiki: miligramu 1500 mara tatu kwa siku kwa siku 3, kisha 1000 mara moja kwa siku kwa siku 2. Hii haimfai aliyewahi kuganda damu kwenye mshipa, kwa hiyo asijinunulie dukani. Asipirini isitumike, inaongeza damu. Mwenye vidonda vya tumbo naye ibuprofeni hapana. Ongeza vidonge vya madini ya chuma, na chakula kiwe na maini, dagaa, mchicha na maharage; chai inywewe mbali na mlo.

Lakini damu nzito ikianza ghafla baada ya miezi mingi ya utulivu, usiipe jina la "kuzoea". Hapo angalia kama kitanzi kimeshuka, kama kuna maambukizi, au kama kuna mimba, ikiwamo ile ya nje ya mfuko wa uzazi. Kwa jumla kitanzi kinapunguza mimba zote, hata za nje ya kizazi, kwa sababu mimba zenyewe ni chache. Ila mwenye kitanzi akishika mimba, 6 hadi 8 kati ya mimba 100 za namna hiyo huwa nje ya kizazi. Hedhi imekosekana, tumbo linauma upande mmoja, kizunguzungu: asilale nyumbani.

Koili_254

Asante sista. Na kuwekwa kwenyewe? Nieleze hatua, maana watu wanadhani ni upasuaji.

Sista_Zamu_ya_Usiku

Si upasuaji. Kazi yenyewe ni dakika chache, maandalizi ndiyo marefu.

Mhudumu kwanza anapima kwa vidole ndani, mkono mwingine juu ya tumbo, ajue mfuko wa uzazi umeinama mbele au nyuma. Hatua hii ikirukwa, kitanzi kinaweza kutoboa ukuta, jambo linalotokea kwa kama 1 au 2 kati ya wanawake 1000. Kisha anaweka kifaa cha kupanulia uke, anasafisha mlango wa kizazi kwa dawa ya kuua vijidudu, anaushika kwa koleo refu ili kizazi kinyooke (hapo ndipo panapobana kwanza), anaingiza kijiti cha kupima kina. Kina kinachofaa kwa kawaida ni sentimita 6 hadi 9.

Kitanzi kinapakiwa ndani ya mrija kikiwa bado kwenye pakiti, mikono imekunjwa, bila kidole kugusa chochote kitakachoingia. Mikono isikae imekunjwa zaidi ya dakika 5, la sivyo haifunguki vizuri. Kiwambo cha buluu kwenye mrija kinawekwa sawa na kile kina kilichopimwa. Mrija unaingia hadi juu, halafu kosa la wanaojifunza linatokea hapa: wanasukuma kijiti kilicho ndani ya mrija. Hapana. Kijiti kinashikwa kitulie, mrija ndio unarudishwa nyuma, mikono inafunguka yenyewe. Mrija unasukumwa tena taratibu kukipandisha kitanzi kileleni, kijiti kinatoka kwanza, mrija baadaye, nyuzi zinakatwa zibaki sentimita 3 hadi 4.

Ibuprofeni nusu saa kabla inasaidia maumivu ya baadaye. Baada ya hapo mama alale dakika kadhaa asije akaanguka kwa kizunguzungu.

Nahodha_Afya

Swali la nyuzi: akina baba wanalalamika zinachoma.

Sista_Zamu_ya_Usiku

Mara nyingi zinazochoma ni zile zilizokatwa fupi sana, zinasimama kama brashi. Zikiwa sentimita 3 zinalainika na kujikunja kuzunguka mlango wa kizazi. Zikiendelea kusumbua, mhudumu anaweza kuzikata ziishie mlangoni kabisa, ila mama aambiwe kwamba hatazigusa tena kwa kidole na kutolewa kutahitaji kifaa cha kuzivuta.

Kabati_la_Dawa

Niingie upande wa dawa, maana hapa kitanzi kinashinda bila ubishi na watu hawaambiwi. Rifampisini ya kifua kikuu inadhoofisha vidonge na vijiti. Kabamazepini na fenitoini za kifafa, vivyo hivyo. Efavirenzi kwenye ARV inapunguza nguvu ya vijiti. Shaba haiguswi na dawa yoyote kati ya hizo. Aliyepata saratani ya matiti, ambaye homoni zote ni marufuku kwake, anaweza kutumia kitanzi cha shaba. Mwenye presha ya juu, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli, mvutaji sigara aliyepita miaka 35: vidonge vyenye homoni mbili haviwafai, kitanzi kinawafaa.

Na wale wa dharura: kikiwekwa ndani ya siku 5 tangu tendo lisilo na kinga, ndicho chenye nguvu kuliko vidonge vyote vya dharura, na mama anaondoka na kinga ya miaka.

BiMwana_Pwani

Na nani asiwekewe? Msije mkakisifia hadi dada mwenye kisonono akakimbilia.

Mkunga_wa_Kata

Swali zuri Bi Mwana. Mwenye kisonono, klamidia au maambukizi ya nyonga atibiwe apone kwanza, kwa sababu vijidudu vya mlangoni vikisukumwa ndani, hatari ni kubwa zaidi siku 20 za mwanzo. Mwenye uvimbe unaopindisha nafasi ya ndani ya kizazi, kitanzi hakikai. Damu isiyojulikana chanzo ichunguzwe kwanza. Saratani ya mlango wa kizazi inayosubiri matibabu, hapana. Ugonjwa wa Wilson, ambao mwili hauwezi kutoa shaba, hapana. Mwenye VVU aliye kwenye dawa na afya yake nzuri anaruhusiwa. Msichana ambaye hajazaa anaruhusiwa pia. Kumkatalia ni mazoea tu.

Kuhusu muda: si lazima awe hedhini. Ndani ya siku 12 tangu hedhi ianze hakuna wasiwasi. Baada ya hapo, ni kuhakikisha tu kwamba hana mimba. Kinaanza kazi papo hapo. Baada ya kujifungua kiwekwe ndani ya saa 48, hata wakati wa upasuaji wa kujifungua, au kingoje wiki 4. Cha mara baada ya kujifungua hutoka chenyewe mara nyingi zaidi, kwa hiyo wiki ya 6 arudi aangaliwe.

Na hakizuii VVU wala kisonono. Mwenye mashaka na mwenzi atumie kondomu juu ya kitanzi.

Koili_254

Kikitoka chenyewe mtu anajuaje?

Sista_Zamu_ya_Usiku

Wengi hugundua wakati wa hedhi, miezi ya mwanzo. Nyuzi zimerefuka ghafla, hazipo kabisa, au kidole kinagusa kitu kigumu kama plastiki mlangoni. Anayetumia kikombe cha hedhi aminye kwanza kitako chake kiachie hewa, asikivute kwa nguvu. Nyuzi zisipoonekana, kwanza kondomu, pili kipimo cha mimba, tatu mhudumu atafute ndani ya mlango wa kizazi. Zikikosekana ndipo ultrasaundi, kisha eksirei.

Mkunga_wa_Kata

Tanzania tafuteni kituo chenye alama ya Nyota ya Kijani. Kwenye vituo vya serikali huduma ya uzazi wa mpango ni bure. Ukiwekewa, dai kadi yenye aina ya kitanzi, tarehe ya kuwekwa na mwaka wa kukitoa. T 380A inakaa hadi miaka 12, ikihesabiwa tangu siku ya kuwekwa. Tarehe iliyo kwenye pakiti ni mwisho wa kukifungua tu, na wengi wamekwenda kutolewa mapema kwa kuchanganya hizo mbili. Kikitolewa, kingine kinaweza kuingia siku hiyo hiyo, bila "kupumzisha kizazi".