Afisa utumishi wa halmashauri kuja kuwa profesa wa utawala wa umma, inawezekana?

Chikongola34: Habari zenu wakuu. Mi ni afisa utumishi kwenye halmashauri moja huku Mtwara, digrii ya utawala wa umma nilipigia Mzumbe nikatoka na GPA ya 3.9, masters ndo namalizia. Ukurugenzi siutaki, nataka nije kuwa profesa wa haya haya mambo halafu nipate na kazi za nje, Umoja wa Mataifa, Umoja wa Afrika, kushauri serikali za watu. Juzi nimemgusia bosi kacheka mpaka miwani ikamtoka, eti profesa gani anatokea masijala. Nina 34, nishachelewa?

Mwl_Nachingwea: Hujachelewa ila anza sasa. 3.9 imekuokoa maana TCU, ile tume ya vyuo vikuu, kwenye kufundisha wanataka 3.8 digrii ya kwanza na 4.0 masters, kwa hiyo hiyo masters usiichezee. Unaingia mhadhiri msaidizi, ukipata PhD unakuwa mhadhiri, halafu mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kila ngazi kawaida haipungui miaka 3 na hupandi kwa kuzeeka, unapanda kwa machapisho. PhD ukiipata na 39 basi uprofesa ni 48, hapo umekimbia kweli kweli na wengi hawakimbii hivyo.

Mzee wa Kangomba: Mnamdanganya kijana. Waliofika juu huko nje ni wa fani zingine, mama Migiro aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu UN 2007 mpaka 2012 ni mwanasheria, Prof. Tibaijuka aliyeongoza UN-Habitat, shirika la UN la makazi, ni mchumi. Na vile vyeo bila serikali yako kukubeba huendi popote.

Dada Mikindani: Mzee umeangalia vyeo tu. Prof. Mukandala si wa siasa na utawala wa umma huyo? PhD ya Berkeley, kaja kuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 2022 kaongoza kikosi kazi cha Rais cha demokrasia ya vyama vingi. Na kazi za nje nyingi hazina hata cheo, mfano APRM ule mpango wa nchi za Afrika kukaguana utawala bora, Tanzania tumo tangu 2004, zile ripoti zinataka watafiti. Sasa wewe Chikongola hiyo masijala ndo mtaji wako. Serikali za mitaa zilifutwa 1972, zikaletewa sheria 1982, zikaanza tena kazi 1984, watu wanaandika habari za ugatuaji, yaani kushusha madaraka huku chini, na baraza la madiwani hawajawahi kulikalia hata siku moja. Chukua ule ushuru wa korosho zinazouzwa nje, asilimia 65 ilikuwa inarudi kwenye zao, 2018 ikapelekwa yote mfuko mkuu wa serikali, wabunge wa kusini waliwaka we acha tu. Fuatilia wilaya za Tandahimba na Newala pembejeo zililipwaje baada ya hapo, hiyo ni PhD nzima. Ila nyaraka za ofisi omba kibali kwa mkurugenzi usije ukaziba riziki yako.

Chikongola34: Dada asante sana, hiyo ya korosho sijalala nayo. Sasa ruhusa ya masomo naipataje na bosi ndo yule wa miwani?

Mwl_Nachingwea: Jina lako lazima liwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Na mpango wenyewe si unaandaliwa na ofisi yenu ya utumishi? Hahaha jiandike mapema.